Tupeane uzoefu: nyoka wa mitini nyumbani kwako, uliwahi kumtazama na kumpiga picha?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bagamoyo. Kwenye mwembe wa uani kwetu anaishi nyoka wa kijani ambaye majirani wote wanataka auawe. Nikawaomba waniachie kwanza nimpige picha. Picha zilipokuzwa tukaona jicho kubwa la duara lenye rangi ya dhahabu, na madoa meusi kuanzia shingoni hadi katikati ya mwili. Ni ukukwi. Hana sumu ya kumdhuru mtu, anakula mijusi na vyura. Juzi nilimwona akipanda ukuta wa plasta wima kabisa, kwa sababu magamba ya tumbo lake yana kingo zinazoshika mikwaruzo midogo. Nimempenda mno. Nyinyi wenzangu mmeishi nao vipi? Mlimtambuaje, na picha mlipigaje?

Kutoka Muheza
Mkuu, mimi niliambiwa na ndege. Shore walikuwa wanapiga kelele kwenye mti mmoja asubuhi nzima, nami kila nikitazama naona vijiti tu. Mpaka kijiti kimoja kikatoa ulimi mwekundu wenye ncha nyeusi! Huyu ni nyoka-kijiti (Kiingereza: twig snake): mwembamba, rangi yake ni ya gome lenye kuvu, na mboni ya jicho imelala kama tundu la kufuli. Ananing'iniza sehemu ya mbele ya mwili hewani na kutulia, akisubiri kinyonga au mjusi apite.

Nilisimamisha kamera kwenye stendi mbali na mti, nikatumia lenzi ndefu, nikakaa. Alinizoea. Jirani alipokuja kwa haraka, nyoka akavimbisha koo hadi likawa nene kuliko kichwa. Hiyo ni dalili ya kwamba umemkaribia mno, rudi nyuma. Naomba tuelewane hapa: sumu ya huyu inazuia damu kuganda, na dawa maalumu ya kuizima haipo duniani. Robert Mertens, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Ujerumani, aliumwa na wa jamii hii aliyekuwa akimfuga, akafariki 1975. Mpende, lakini mpendee mbali.

Kutoka Kilifi
Wa kwetu alikuwa kwenye mkorosho. Kijani kitupu bila doa, kichwa kirefu chembamba, na jicho dogo ukilinganisha na la ukukwi. Koboko wa kijani. Watu husema anafukuza watu, lakini huyu nilimkuta tawi lile lile asubuhi na jioni, anangoja ndege. Nilimpiga picha kupitia dirisha la ghorofani, na hizo ndizo picha nzuri kuliko zote nilizonazo. Ila nina watoto wanaocheza chini ya mti huo, na sumu ya koboko inaua, kwa hiyo niliwaita Bio-Ken, kituo cha nyoka cha Watamu, wakamchukua akiwa hai. Sioni aibu kwa hilo.

Kutoka Unguja
Mie natumia simu tu. Nikivuta sana picha inavurugika. Nifanyeje bila ya kumsogelea?

Kutoka Muheza
Usivute mpaka mwisho. Piga ukiwa mbali, kisha kata picha baadaye. Gusa jicho la nyoka kwenye kioo ili simu ilenge hapo, halafu punguza mwanga kidogo maana magamba ya kijani yanang'aa na kupoteza rangi. Asubuhi ndiyo saa yake, anapoota jua.

Kutoka Morogoro
Mnajisumbua. Kijani ni kijani, piga fimbo yaishe.

Mwanzisha mada
Mkuu, nakuheshimu, lakini kumuua au kumshika nyoka ni njia mojawapo ya kuumwa. Na rangi haikwambii kitu. Kuna boomslangi, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu kali: dume mara nyingi ni kijani, jike ni kahawia, na wote wawili ni hatari. Mwaka 1957 kule Chicago, Karl Schmidt aliletewa boomslangi mchanga amtambue. Akamshika, akaumwa kidole gumba, akaona ni jambo dogo, kesho yake akafariki. Alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Huyo kijana mwenye fimbo atamtofautishaje gizani?

Mtu akiumwa, hata kama anajisikia vizuri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sumu ya hawa wa kuzuia damu kuganda inaweza kuchelewa saa nyingi kabla ya kujionyesha. Kidonda kisichanjwe wala kisifungwe kamba. Picha ya nyoka, kama ipo tayari, mwonyesheni daktari. Asirudi mtu kuitafuta.

Wengine karibuni. Mkileta picha, tuwekeeni kichwa kwa upande ili jicho lionekane, mwili mzima, aina ya mti na wilaya mliyopo. Wa Lindi na Mtwara bado sijawaona humu.