Makontena ya betri nyuma ya vyumba vya kulala, na mpango wa moto ni "liache liungue"?

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Tumeletewa barua kwamba kile kiwanja cha nyuma ya maghorofa yetu, pembeni ya kituo cha kupozea umeme, inajengwa "hifadhi ya nishati". Hifadhi! Ukisoma haraka utadhani ni stoo ya nondo. Ni safu za makontena ya betri za lithiamu, la mwisho liko ng'ambo tu ya ukuta wetu.

Kabla hamjaniita mshamba: sipingi betri. Jua likizama paneli zimelala, na jioni ndipo kila mtu anawasha kila kitu. Na mjini wanapapenda kwa sababu kituo kipo tayari na umeme unaliwa hapa hapa. Hilo sina ugomvi nalo. Niliuliza swali moja tu kikaoni: zimamoto wakija watafanya nini?

Jamaa wa kampuni akajibu bila kupepesa macho. Watayapoza makontena ya jirani, lililoshika moto wataliacha liungue hadi liishe. Na si uongo, seli ya lithiamu (betri ndogo moja kati ya nyingi zilizomo kontenani) ikishachemka huichemsha ya pembeni yake, na maji unayomwaga nje hayafiki huko ndani. Sasa kama njia ya kuzima ni kusubiri na kuhamisha watu, usalama wote si uko kwenye umbali? Huo umbali uko wapi hapa?

Moss Landing, California, Januari 2025: ghala la betri la megawati 300 liliwaka, zaidi ya watu 1,000 wakaambiwa wahame, barabara kuu ikafungwa. Na kule ni mashamba na ufukwe! Februari likawaka tena. Nikajibiwa kwamba lile lilikuwa jengo moja lililojazwa betri za lithiamu zenye nikeli, hizi ni za lithiamu aina ya fosfati ya chuma, isiyoshika moto kirahisi kama ile, na kila kontena kivyake. Kweli, ni afadhali. Ila Beijing, Aprili 2021, wilaya ya Fengtai, jijini kabisa, kituo cha betri kilishika moto kikalipuka, na betri zilikuwa hizo hizo za fosfati ya chuma. Zikitoa gesi na gesi ikajikusanya, hulipuka. Mlipuko ule uliua zimamoto 2.

Sisi njia ya kutokea ni moja, na gari la zimamoto litaingilia hiyo hiyo. Nikauliza moshi ukielekea kwetu saa nane za usiku, nani anagonga milango, nani anamshusha bibi wa ghorofa ya sita? Nikaonyeshwa mchoro wenye miti pembeni ya ukuta. Miti mizuri sana.

(Feni za kupoza zitakazovuma usiku kucha nimeziacha, hizo zina uzi wake.)

Maoni tumepewa siku 14. Barua ina kurasa 9, ajira zimepewa ukurasa mzima, moto mistari miwili. Aliyepata barua kama hii aiweke hapa tulinganishe, hasa kama ya kwake imetaja mita ngapi hadi dirisha la kwanza. Yetu haijataja.