Mchapishaji anataka milioni 4 atoe riwaya yangu. Nisaini?

Binti wa Arua:
Wanajukwaa, habari zenu. Nimeandika riwaya ya mapenzi kwa Kiswahili, kurasa 180, miaka mitatu ya kuandika usiku nikishafunga duka. Ni kisa cha muuguzi wa hapa Arua na dereva wa malori ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Mchapishaji mmoja wa Kampala kaipenda, ila mkataba unataka nilipe shilingi milioni 4, na haki zote, hata za tafsiri na filamu, ziwe zake daima. Mume wangu yuko tayari tuuze ng'ombe. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?

Mzee Kalamu:
Usisaini, binti yangu. Mchapishaji hugharimia kitabu mwenyewe, kisha akakulipa mrabaha kwa nakala zinazouzwa. Huyo ukishamlipa, kitabu kiuzwe au kioze stoo, faida yake keshaipata. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006 hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kuisajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali, ni kujiwekea ushahidi.

Sauti ya Kasese:
Mzee, hapo kwenye kulipa tutofautiane kidogo. Mimi nilijichapishia: mhariri nilimtafuta mwenyewe, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, nikaomba Maktaba ya Taifa, nikatoa nakala 200, na haki zote ninazo mimi. Kulipa si kosa. Kosa ni ulipe halafu unyang'anywe.

Mama Zuhura:
Dada, kabla ya hayo yote, nani amekusomea? Kampala kuna FEMRITE, chama cha wanawake waandishi, pale Kamwokya. Jumatatu jioni watu hukaa wakasomeana kazi. Wengi huandika Kiingereza, lakini usiogope. Mimi waliniambia wapenzi wa hadithi yangu wanapatana mapema mno, msomaji habaki na cha kungojea. Niliumia, nikalala nalo siku mbili, kisha nikaandika upya sura nne. Na kwa Kiswahili, ile tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Itafute.

Binti wa Arua:
Asanteni sana. Ng'ombe hatoki zizini. Mama Zuhura, nitapanda basi Jumapili usiku. Nibebe muswada mzima?

Mama Zuhura:
Sura moja, nakala kumi. Chukua ile inayokutia wasiwasi.