Siku ya mwisho Muscat: nianze sokoni au kuaga?

MtuWaNgambo
Asalaam alaykum. Narudi Unguja Alhamisi, ndege saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa, na mpaka leo sijanunua chochote maana kila siku nazungushwa tu kwa ndugu. Nimefikia kwa binamu yangu, mtaa wa Ruwi. Nataka nende soko la Mutrah nikachukue ubani, udi na kofia ya baba, halafu kuna shangazi yuko Al Khoud, na ami yake mama yuko Seeb, mzee sana, huyo nisipomuaga habari itafika Unguja kabla yangu. Gari sina. Naanzia wapi?

bint_malindi
Waalaykum salaam. Mutrah asubuhi! Maduka mengi sokoni yanafunga kama saa 7 mchana mpaka jioni, ukichelewa utakuta paka tu. Ukitoka hapo unavuta magharibi moja kwa moja, Al Khoud na Seeb ziko upande mmoja na hata uwanja wa ndege uko huko huko. Usije ukaenda Seeb kwanza halafu urudi Mutrah jioni, Alhamisi ndo watu wanaanza wikendi, Ijumaa na Jumamosi huku hakuna kazi, ile barabara ya Sultan Qaboos foleni yake wallahi utalia.
Ubani ulizia aina ya hojari wa Dhofar, kusini mwa Oman, ule mweupe unaoelekea kijani. Wa rangi ya kahawia bei rahisi, wa kufukiza nyumba kila siku unatosha sana tu. Na bei usikubali ya kwanza.

mzee_kibaraza
Nakubaliana ila kwa ami nenda baada ya Alasiri, wazee wakishasali Adhuhuri na kula wanalala, utakaa sebuleni na wajukuu. Halafu usiwaambie ndege saa 8, sema saa 4 lazima uwe uwanjani, la sivyo hawakuachii. Acha na nafasi kwenye begi, kila nyumba utapewa kifurushi cha fulani wa Unguja, na kifungue mbele yao ujue umebeba nini, mtu asikununie, mzigo ni wako ukishapita pale uwanjani. Halua na mafuta ya udi tia begi kubwa, mkononi wanaweza kukuzuia. Mifuko ya plastiki iache huko huko, kwetu marufuku.

MtuWaNgambo
Shukran jamani. Na mabegi je, nizunguke nayo siku nzima?

bint_malindi
Hapana, binamu akitoka kazini akuletee Seeb, si ndo kazi ya binamu. Wewe asubuhi panda basi la Mwasalat, Ruwi na Mutrah ni karibu, teksi weka ya mchana.

MtuWaNgambo
Poa. Tatizo sasa shangazi kashapiga simu anasema biriani tayari kapanga, na kwa ami nako nimesikia wanachinja 😭

mzee_kibaraza
Hapo hakuna ushauri. Kwa shangazi kula nusu, nyengine omba akufungie, mwambie ya safarini.