Vyuo vya mtandaoni vya Marekani mnatuuzia digrii isiyohama! Na ninyi ndugu zetu mnaowapelekea wateja, tuna maswali

Wakuu, huu uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimewaka, mwenye haraka apite. Mods, sijataja jina la chuo wala la mtu, naomba msiuguse.

Niko Minnesota, pande za Brooklyn Park. Waliofika huku wanajua: Wakisii wamejaa, managu na unga wa wimbi unanunua bila kutamka neno la Kiingereza, na ukiuliza watu wanafanya kazi gani, nusu watakwambia wanalea wazee. Mimi ni CNA, msaidizi wa nesi. Naogesha, nageuza, nalisha, nabadilisha nepi, na mgongo ndio unaolipa bili. Kila CNA huku ana wimbo mmoja kichwani, kuwa RN, nesi mwenye leseni kamili, na sababu haijifichi. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mshahara wa katikati wa CNA ulikuwa kama dola 38,000 kwa mwaka, wa RN dola 86,070. Na wala huhitaji miaka minne. Kuna digrii ya miaka miwili, associate. Ukiimaliza kwenye programu ya unesi iliyoidhinishwa na bodi ya jimbo, unakaa mtihani ule ule wa NCLEX anaokaa mwenye bachelor, na leseni ni ile ile.

Hiyo hamu ndiyo wanayotukamatia.

Kaka mmoja tunayesali naye alinifuata baada ya ibada, ukumbi wa chini kanisani, kikombe cha chai mkononi. Mtu wa heshima zake, anaongoza maombi ya wanandoa. "Dada yangu, utabeba wazee mpaka lini? Kuna chuo, kila kitu ni mtandaoni, hakuna mtihani wa kuingilia, unasoma ukiwa shifti ya usiku. Ni digrii ya sayansi ya afya, ukimaliza krediti zako 60, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu, unahamia nazo kwenye unesi. Wewe jaza FAFSA tu, ile fomu ya kuomba fedha za serikali za masomo, mengine niachie mimi." Nikamuuliza pale pale, na baadaye nikamuuliza tena WhatsApp ili pabaki ushahidi: hizo krediti zinahama kweli? Akajibu kwa voice note, "Chuo kina ithibati, dada, ithibati kamili." Afisa udahili aliyenipigia baada ya hapo nikamuuliza lile lile, akanijibu lile lile. Tuna ithibati.

Sasa niwaeleze hayo masomo yalivyo, maana najua kuna watakaosema nilikuwa sisomi. Kila wiki kuna jukwaa la majadiliano: andika maneno 250, kisha wajibu wenzako wawili. Basi darasa zima ni kupongezana. "Umeeleza vizuri sana, nakubaliana na wewe." Mwalimu simjui sura wala sauti, maksi zinaingia usiku wa manane kama muamala wa M-Pesa, hakuna neno, hakuna sahihisho. Anatomia yenyewe ilikuwa picha ya moyo kwenye skrini, unaburuta jina la chemba unalidondosha kwenye mshale, likikaa sawa linageuka kijani. Hiyo ndiyo maabara, wakuu. Watu wa koleji za jimbo wanapasua moyo wa kondoo, mimi naburuta majina. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na programu inayowasha kamera yako. Mwanangu akaingia kuomba maji, nikageuza shingo kumwambia asubiri, programu ikanirekodi kuwa nimeonyesha tabia ya kutiliwa shaka, na matokeo yakashikiliwa mpaka nikaandika barua ya kujieleza. Kwa hiyo kumkagua mama na mtoto wake wanaweza. Kuniambia ukweli juu ya krediti ndiyo ikawashinda.

Nikamaliza, tena na A za kutosha. Cheti kikaja kwa posta ndani ya jalada la bluu. Kazini wakapiga makofi, HR akanipa hongera na keki, mshahara ukabaki pale pale mpaka senti. Nikasema si kitu, digrii hii ni ya kunivusha. Nikaomba nafasi kwenye programu ya unesi ya koleji moja ya jimbo.

Barua ya tathmini ni jedwali. Kushoto masomo yangu, kulia uamuzi wao. Hakuna somo linalolingana. Hakuna somo linalolingana. Unashuka na kidole mpaka chini, ni wimbo huo huo. Walichokubali ni uandishi wa Kiingereza, saikolojia na hesabu. Krediti 9 kati ya 60. Anatomia imetupwa kwa sababu haikuwa na maabara wanayoitambua. Maana yake anatomia na fiziolojia naanza upya, sehemu zote mbili, mikrobiolojia naisoma, halafu nafanya TEAS, mtihani wa kuingilia nilioambiwa haupo, halafu napanga foleni na watoto waliomaliza sekondari juzi.

Nikawapigia chuo. Mshauri wa masomo, sauti tamu kabisa: ndiyo tuna ithibati, lakini kukubali krediti ni uamuzi wa chuo kinachopokea. Mbona hamkusema? Imeandikwa kwenye katalogi. Nimekwenda kuitafuta, imo kweli, sentensi moja imebanwa kurasa za nyuma kule ambako hakuna anayefika. Kwenye simu hakuna aliyeitamka.

Na hapa niwafungue macho wanaokuja, maana kwetu tumezoea wadhibiti wa vyuo kama TCU au NACTVET: chuo kikitambuliwa kimetambuliwa, mjadala umefungwa. Marekani ithibati inatolewa na mashirika mbalimbali. Huku Minnesota vyuo vikuu na koleji za umma ziko chini ya shirika moja, HLC ya Chicago. Vyuo vingi vya biashara, yaani vinavyoendeshwa kwa faida, vilikuwa chini ya mashirika mengine yaliyoitwa ya kitaifa. Mwaka 2020 wizara ya elimu ya hapa iliacha kuyagawa mashirika hayo kwa majina ya kikanda na kitaifa, lakini hakuna sheria inayomlazimisha msajili wa koleji apokee krediti za jirani. Ithibati inakifungulia chuo mlango wa fedha za serikali, basi. Na hata shirika lenyewe la ithibati linaweza kuanguka: ACICS, lililokuwa limekipa ithibati chuo cha biashara cha ITT Tech kilichofunga milango Septemba 2016, lilinyang'anywa utambuzi moja kwa moja Agosti 2022. Kwa hiyo mtu akikwambia "tuna ithibati", muulize ya nani, kisha usimsikilize yeye, ipigie simu koleji unayotaka kuhamia.

Sasa linaloniuma kuliko yote. Nikiwa katikati ya masomo, msimu wa vuli wa 2024, Minnesota ikaanzisha North Star Promise: familia yenye kipato chini ya dola 80,000 inasoma kwenye koleji na vyuo vikuu vya umma vya jimbo bila kulipa ada. Bila ada! Nikamwandikia mshauri wangu nataka kuhama. Siku zote barua pepe zangu hukaa wiki. Hii ilijibiwa kabla sijafika kwenye gari. Fikiria vizuri, akaandika, ukiondoka sasa utapoteza krediti zako nyingi.

Wakuu someni tena hapo. Wakati wa kuingia krediti zinahama. Wakati wa kutoka hazihami. Krediti zile zile, chuo kile kile, mshahara wa huyo mshauri unalipwa na hela zangu zile zile.

Hela zenyewe ni hivi. Kuna Pell Grant, msaada usiorudishwa, kiwango cha juu mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Watu wanauita hela ya bure. Si ya bure: unapewa kwa jumla ya mihula 12 ya masomo kamili maisha yako yote, na mihula niliyokula kuburuta majina ya moyo imeshakatwa humo. Juu yake wakanipakia mkopo wa serikali. Mtu mzima anayejitegemea anaruhusiwa hadi dola 9,500 mwaka wa kwanza na 10,500 wa pili, na afisa aliniwekea kiwango cha juu kabisa bila hata kuniuliza nahitaji kiasi gani. Ni kubofya tu "nakubali". Koleji ya umma kwa wastani nchini haizidi sana dola 4,000 za ada kwa mwaka, ambazo Pell pekee inazimaliza na chenji inabaki. Mimi leo nadaiwa.

Ndiyo maana wanatufuata makanisani, misikitini na kwenye harambee. Chuo cha biashara kinaruhusiwa kisheria kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka fedha za shirikisho. Mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu jana, Mkongo mwenye watoto sita, Mtanzania aliyeshinda bahati nasibu ya green card, wote wanastahili kujaza FAFSA, wote kipato chao ni cha chini, wote wanaweza kupata Pell kamili. Sisi ni hela inayotembea.

Na sheria ya shirikisho tangu 1992 inakataza vyuo vinavyopokea fedha hizo kulipa kamisheni kwa kila kichwa kinachosajiliwa. Sasa kaka yetu analipwa kwa utaratibu gani? Simtuhumu, nauliza tu. Mwezi uliopita nilimwona tena na chai yake, amemwegemea binti wa Kirundi ambaye Kiingereza chake bado cha kuungaunga. Nikamsogelea, akabadilisha mada wakaanza kuongelea baridi.

Tayari nasikia mtu anaandika "ungefanya utafiti wako mkuu". Niliuliza mara mbili, nikajibiwa mara mbili, ushahidi ninao. Utafiti gani zaidi ya kuuliza mhusika swali lenyewe? Na hili si jambo la wageni wasiojua mji. Hapa hapa Minnesota, mwaka 2016, mahakama ya kaunti ya Hennepin iliamua kwamba Globe University na Minnesota School of Business waliwadanganya wanafunzi wa masomo ya haki jinai. Waliwaambia digrii yao itawafikisha kwenye upolisi na kazi ya kusimamia waliohukumiwa vifungo vya nje, wakati programu haikuwa na idhini ya kumfikisha mtu kwenye upolisi wa Minnesota, na hiyo kazi ya pili inataka bachelor. Walioliwa pale ni Wamarekani, wazaliwa, Kiingereza wamenyonya nacho. Mwanasheria mkuu wa jimbo ndiye aliyewashtaki. Kwa hiyo tuache kuambiana ushamba.

Na wa "kusoma mtandaoni ni upuuzi" naye akae pembeni, sijasema hivyo. Koleji za jimbo zina masomo ya mtandaoni tele. Hapa Minnesota kuna fungu la masomo ya msingi la krediti 40, likikamilika koleji moja ya umma linapokelewa kwenye nyingine zote za mfumo huo, hata ukilisoma jikoni kwako saa tisa usiku. Rafiki yangu wa Eldoret alifanya hivyo, Kiingereza na saikolojia mtandaoni, maabara akawa anakwenda Jumamosi, leo ni RN na bado ananiazima koti. Nachosema ni kwamba associate zinazopandisha mshahara sana ni zile za leseni: unesi, usafishaji meno, eksirei. Na hizo hakuna anayeweza kukupa zote mtandaoni, kwa sababu lazima uguse mgonjwa hospitalini mbele ya msimamizi. Mtu akikwambia "afya, asilimia mia mtandaoni, na unakuwa nesi", huyo anakuingiza mjini mchana kweupe. Labda unataka cheo cha ofisini, sawa, hiyo ni hesabu nyingine, lakini hata huko HR wangu alinipa keki tu.

Halafu CNA wenzangu: kaulizeni kazini kwenu kabla hamjasaini mkopo. Mwajiri anaruhusiwa kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi kwenye hizo hela. Nimekaa kwenye hii nyumba ya wazee miaka na mfuko huo upo, hakuna aliyeubandika ukutani. Matangazo ya pizza ya wafanyakazi ndiyo yanabandikwa.

Ninachotaka ni hiki. Wizara ya elimu ina fomu ya kuomba mkopo ufutwe kwa aliyedanganywa na chuo; kwa wanafunzi wa ITT Tech peke yao ilitangaza mwaka 2022 kufuta dola bilioni 3.9. Chuo changu hakijafunga, kinapeta, matangazo yake yananifuata mpaka YouTube. Kama kuna mtu humu aliijaza hiyo fomu dhidi ya chuo ambacho bado kinafanya kazi, aniambie aliambatanisha nini na alijibiwaje. Mimi nina barua ya jedwali, ile barua pepe ya mshauri, na voice note ya "ithibati kamili, dada". Najaza Jumapili hii nikitoka shifti. Na kama na wewe ulisajiliwa na huyo huyo kaka wa maombi ya wanandoa, unajijua, njoo PM tupeleke malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu tukiwa wengi.