MJADALA: Mashine ihesabu kura, au tubaki na karatasi kama Waholanzi?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi ukikaribia katika ukanda wetu huibuka hoja ileile: pesa tunatuma kwa simu, mikopo tunachukua kwa simu, kwa nini kura bado tunatumbukiza kwenye sanduku la plastiki? Leo naomba tuipime hoja hiyo kwa kisa cha Mholanzi mmoja, Rop Gonggrijp. Msidhani ni mzee anayeogopa vifaa vya kisasa. Mwaka 1989 alianzisha Hack-Tic, jarida la wadukuzi, na 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha XS4ALL, kampuni iliyowafikishia Waholanzi wa kawaida intaneti wakati bado ilikuwa mali ya vyuo vikuu. Kompyuta ndiyo maisha yake. Na ndiye aliyeongoza harakati za kuzitoa kompyuta kwenye vituo vya kura vya nchi yake.

Kufikia 2006 karibu asilimia 90 ya kura za Uholanzi zilipigwa kwenye mashine za kampuni ya Nedap, na wananchi walikuwa wametulia kabisa. Amsterdam ilikuwa imechelewa, bado inatumia penseli. Ilipoingia nayo kwenye mashine katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka huo, Gonggrijp aliuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: nikishabonyeza, nani atanionyesha kura yangu imehesabiwa kama nilivyobonyeza? Karatasi haipo. Programu iliyo ndani ni siri ya kampuni. Yeye na wenzake wakaunda kundi, wakaliita bila kupamba: "Hatuziamini kompyuta za kupigia kura".

Oktoba 2006 wakaonyesha kwenye televisheni walichokifanya. Walipata mashine ya Nedap wakaifungua. Ufunguo wake ulikuwa wa aina moja kwa mashine zote, wa bei ya kutupa. Ndani, programu ilikaa kwenye chipu ambazo ungeweza kuzichomoa na kuweka zako kwa dakika chache, na mashine ikaendelea kufanya kazi kama kawaida huku ikihamisha kura. Kulikuwa na mtu wa upande wa watengenezaji aliyedai kwamba kifaa hiki si kompyuta ya kufanya chochote upendacho, na kwamba angependa kuwaona wakikichezesha sataranji. Wakakichezesha sataranji.

Lakini kilichonikosha mimi ni herufi moja. Chama cha CDA kwa kirefu kina neno Appèl, lenye kialama juu ya e. Mashine ilipoonyesha herufi hiyo, kioo kilibadili mwendo wake, na mawimbi yanayotoka yakabadilika nayo. Mwenye kipokezi cha redio karibu na hapo angejua kwamba aliyesimama ndani sasa hivi amechagua CDA. Siri ya kura, iliyoandikwa kwenye katiba na mikataba, inavujishwa na kialama cha tahajia! Aina ya pili ya mashine, iliyotumika Amsterdam na miji mingine, ilivuja zaidi ya hapo. Waziri akaipiga marufuku wiki chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 2006. Septemba 2007 tume ya ushauri ikataka karatasi irudi, na 2008 serikali ikaamua: karatasi na penseli nyekundu. Hadi leo.

Majirani nao wakaamka. Ireland ilikuwa imenunua mashine kama 7,500 za Nedap, mradi uliokula zaidi ya euro milioni 50. Zilijaribiwa katika majimbo machache tu mwaka 2002, kisha zikafungiwa ghalani, na 2012 zikauzwa kama chuma chakavu kwa takriban euro 70,000. Mnaopenda kusema kufuja pesa za mradi ni ugonjwa wa Kiafrika, someni hapo mara mbili. Ujerumani ilienda mbali zaidi kisheria: Machi 2009 Mahakama ya Katiba ilisema matumizi ya mashine hizo katika uchaguzi wa 2005 yalikiuka katiba, kwa sababu hatua muhimu za kupiga na kuhesabu kura lazima mwananchi aweze kuzikagua bila utaalamu wowote maalumu.

Nirudi kwenye pesa ya simu. Ukituma elfu kumi, unapata ujumbe wenye jina lako, jina la mpokeaji, kiasi na saa. Ukikosea unapiga simu, wanafuatilia, inarudishwa. Inawezekana kwa sababu mfumo unajua nani kafanya nini. Kura inataka kinyume chake: mfumo usijue kabisa, halafu bado jumla iwe sahihi. Na ukipewa ujumbe wa kuthibitisha ulivyochagua, mgombea atakuambia nionyeshe meseji ndiyo nikupe hela.

Msimamo wangu ni huu. Mashine imtambue mpiga kura, sawa. Mashine ibebe matokeo, sawa. Kuhesabu iachiwe mikono na macho. Kenya ndivyo walivyo: kifaa cha KIEMS kinasoma kidole, kura ni karatasi, zinahesabiwa kituoni mbele ya mawakala, fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, inasainiwa na kutumwa. Ugomvi wa 2017 ulikuwa mkali zaidi kwenye kutuma na kujumlisha. Mahakama ya Juu iliamuru seva zikaguliwe, tume ikatekeleza nusunusu, na Septemba 1 uchaguzi ukafutwa. Mwaka 2022 tume ikaweka picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, na yeyote mwenye bando akaweza kujumlisha nyumbani kwake.

Nawasilisha. Matusi hapana.

Fundi wa Sinza

Mkuu, umetuletea mashine ya teknolojia ya zamani ukaitumia kuihukumu ya leo. Ni kama kukataa ndege kwa sababu ya ajali ya ndege ya mbao.

Umeruka India. Gonggrijp huyohuyo, pamoja na Hari Prasad wa India na J. Alex Halderman wa Marekani, waliichambua mashine ya India mwaka 2010 wakaonyesha namna ya kuichezea. Prasad akakamatwa mwaka huohuo. Aibu, nakubali. Lakini tazama kilichofuata: India haikurudi kwenye karatasi. Mahakama yao ya Juu mwaka 2013 ikataka kiongezwe kichapishi: unabonyeza, kikaratasi kinatokea nyuma ya kioo, unakisoma, kinaangukia kwenye sanduku. Mwaka 2024 watu wakaomba tena karatasi irudi, mahakama ikakataa. Wapiga kura zaidi ya milioni 900! Hebu wahesabu wote hao kwa vidole uone.

Mdukuzi kazi yake kuonyesha tundu. Tundu likionekana linazibwa. Waholanzi wao walichoma nyumba.

Ndugu wa Goma

Mtu wa Sinza, kuja huku tukuelezee hicho kichapishi.

Desemba 2018 sisi Kongo tulipewa mashine kutoka Korea Kusini. Unagusa kioo, unachagua, inachapisha karatasi, unaitia sandukuni. Kama unavyotaka wewe. Upinzani uliiita mashine ya kudanganya tangu kabla haijashuka kwenye ndege. Karatasi zilikuwepo. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi kama 40,000 vituoni, na CENI, tume yetu ya uchaguzi, ilipotangaza matokeo, maaskofu wakasema hayalingani na takwimu walizokusanya wao. Basi? Rais akaapishwa Januari. Seva za CENI nani aliziona?

Halafu kuna Beni na Butembo, miji yetu ya mashariki. Kura yao iliahirishwa hadi Machi 2019, ikasemwa ni Ebola na usalama, yaani wapige baada ya rais kuapishwa. Siku ya uchaguzi watu wa Beni wakajipanga mstari wenyewe, wakapiga kura zao za karatasi bila mashine, bila CENI, wakahesabu. Hazikuingia popote. Lakini siku ile hakuna mtu Beni aliyeuliza chipu iko wapi.

Mtu wa Unguja

Mleta mada na wachangiaji wote mnatwanga maji.

Oktoba 25, 2015 Zanzibar tulipiga kura za karatasi. Zikahesabiwa vituoni. Mawakala wakasaini. Oktoba 28 mwenyekiti wa tume akasoma tamko: uchaguzi wote umefutwa. Marudio Machi 20, 2016, upinzani mkubwa ukasusa.

Hakuna mdukuzi wala herufi yenye kialama. Mtu mmoja na kipaza sauti. Malawi 2019 nako ilikuwa karatasi safi kabisa, wakaipaka Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi. Sasa hiyo penseli nyekundu itatusaidia nini sisi?

Mleta mada

Mtu wa Unguja, nimekupata, na ndiyo pingamizi zito kuliko yote hapa. Lakini angalia mwenyewe ulivyoeleza: unajua tarehe, unajua nani kasoma tamko, unajua kilichofutwa kilikuwepo. Na huyo wa Malawi, Tipp-Ex ilionekana! Majaji waliziona fomu zilizofutwafutwa, na Februari 2020 wakabatilisha uchaguzi, ukarudiwa, aliyekuwa madarakani akashindwa. Ungeipata wapi Tipp-Ex ndani ya chipu? Karatasi haimzuii mwizi, sikatai. Inamlazimisha aibe mbele za watu.

Fundi, kikaratasi cha India ni hatua, nakubali. Swali ni nani anakihesabu. India wanahesabu vya mashine chache tu katika kila eneo, kisha wanalinganisha. Kama matokeo rasmi ni ya mashine na karatasi zinalala stoo, mimi napewa zawadi ya kuangalia kikaratasi kikianguka. Basi.

Niko Rotterdam

Habari zenu. Nimeishi huku miaka mingi. Mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya akikaa kihalali miaka mitano anaruhusiwa kupiga kura ya manispaa, kwa hiyo hiyo penseli nyekundu nimeishika.

Msiwatukuze sana hawa watu. Karatasi ya ubunge ni kubwa kama kitambaa cha meza, majina mamia, unaikunja kama ramani. Wazee wanalalamika, wahesabuji wanalalamika. Na kuna jambo mleta mada hukulisema: sheria ya huku inakuruhusu kumkabidhi mtu mwingine kura yako akakupigie, na mtu mmoja anaweza kubeba mpaka kura mbili za wengine. Nchi iliyotoa mashine kwa sababu redio ingesikia umechagua CDA haioni shida mume akienda na kura ya mke wake mfukoni. Waangalizi wa kimataifa wamelisema hilo, wao wamezoea.

Mwaka 2017 nako, uchaguzi wa Machi, waziri alitangaza Februari kwamba kujumlisha kote kufanywe kwa mkono kwa sababu ya hofu ya udukuzi kutoka nje. Manispaa zikapiga kelele, baadaye masharti yakalegezwa kidogo. Kwa hiyo mzimu wa Gonggrijp bado unatembea, lakini kompyuta ya kujumlisha ipo palepale jikoni.

Karani wa Kiambu

Nimesoma wote, na nadhani hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuhesabu kura.

Kenya mpiga kura mmoja anatia karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti). Kituo kinafungwa jioni na karani ameamka alfajiri. Unafungua sanduku, unainua kila karatasi juu mawakala waione, unasoma. Saa tisa usiku kila mtu ana macho mekundu, na namba kwenye fomu zinaanza kuandikwa na usingizi. Makosa mengi mnayoyaita wizi yanatokea hapo. Mashine haichoki, tuanzie hapo kwa heshima.

La pili linaniuma zaidi. Mnasema mwananchi wa kawaida anaweza kukagua karatasi. Mwananchi gani? Anayeingia chumba cha kuhesabia ni wakala, na wakala analipwa nauli, chai na posho. Vituo 46,000 zidisha na hiyo posho. Chama kidogo kinaweka mawakala kwenye kaunti mbili, kwingine hakina macho. Kwa hiyo hicho mnachoita macho ya umma ni macho ya vyama viwili vyenye pesa.

Niko Rotterdam

Dada, hapo huku wametuzidi. Kuhesabu ni wazi kwa yeyote. Mkazi anaingia tu, anasimama pembeni, anaangalia, haulizwi beji.

Karani wa Kiambu

Basi andikeni hilo kwenye sheria yetu kwanza, ndipo mniletee habari ya penseli. Maana huku ukifika mlangoni saa mbili usiku bila beji, askari anakuuliza umetumwa na nani.