Mashine ya Vickers inasoma chini ya bloku ya rejea, naomba ushauri kabla sijagusa mzigo

Mpima_Chuma
Wakuu, habari za leo. Niko kwenye maabara ndogo ya karakana moja hapa Chang'ombe. Tunachoma gia na shafti kwa kaboni zipate gamba gumu. Mashine yetu ya kupima ugumu ni Vickers ya zamani ya mizigo midogo: inakandamiza ncha ya almasi kwenye chuma, inabaki alama ndogo ya mraba, unachungulia kwenye lenzi, unasogeza mistari miwili hadi kwenye kona za alama, unasoma namba. Haina kamera wala kompyuta.

Mwezi uliopita tulihamisha maabara kutoka ghorofani ikaja chini, ukuta mmoja na karakana. Tangu hapo inasoma chini. Bloku ya rejea, kile kipande cha chuma chenye ugumu unaojulikana, imeandikwa 700 HV (HV ndiyo namba ya ugumu ya Vickers), mimi kwa mzigo wa gramu 300 napata 650 na ushee. Nimerudia mara kumi, namba haiondoki hapo.

Kinachoniuma ni hiki. Mpaka wa gamba tunauweka pale ugumu unaposhuka hadi 550 HV, kwa hiyo gia za wiki mbili zote zimeonekana zina gamba jembamba, na lawama imemwangukia kijana wa tanuru. Anaambiwa anatoa kazi kabla ya muda. Namwona kila siku na daftari lake, anaandika saa na nyuzi joto bila kuruka mstari. Siamini kama kosa ni lake, lakini karatasi inayomhukumu ina sahihi yangu.

Bosi anataka nifungue mashine nipunguze mzigo kidogo hadi isome 700, kazi iendelee. Nifanyeje?

Kereza_Keko
Ncha ya almasi imechoka hiyo mkuu. Agiza nyingine.

Mzee_wa_Maabara
Kijana, usiguse mzigo, na almasi usiagize kwanza. Weka pima maji juu ya meza ya mashine uhakikishe imekaa sawa, futa ncha na bloku kwa pamba na spiriti. Kisha piga bloku hiyo hiyo kwa gramu 1000, 300 na 100, alama tano kila mzigo. Mzigo ukae sekunde 10 hadi 15. Toka alama hadi alama, acha nafasi isiyopungua mara tatu ya urefu wa kona kwa kona.

Usiniletee HV peke yake, niletee na urefu wa kona kwa kona kwa maikroni (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita). HV ni hesabu tu: 1854.4 mara gramu za mzigo, gawanya kwa urefu wa kona kwa kona uliozidishwa kwa wenyewe.

Mpima_Chuma
Shikamoo mzee. Wastani huu hapa:
gramu 1000: maikroni 52.5, HV 673
gramu 300: maikroni 29.2, HV 652
gramu 100: maikroni 17.3, HV 620
Alama ni mraba safi, kona zote nne kali, wima na ulalo vinalingana. Kwenye gramu 100 tu namba zinarukaruka.

Mzee_wa_Maabara
Marahaba. Sasa geuza hesabu. Bloku ya 700 ilitakiwa ikupe maikroni 51.5, 28.2 na 16.3. Umezidisha maikroni 1 kila mahali, alama iwe kubwa iwe ndogo. Mzigo ungekuwa mbovu, au ukuzaji wa lenzi ungekuwa umehama, kosa lingekua pamoja na alama: ile ya gramu 1000 ingezidi kuliko zote kwa maikroni. Na almasi ingekuwa imevunjika, ungeliona kovu lenyewe limepinda.

Wakati wa kuhama, nani alitoa lenzi ya jicho? Na sifuri mliiweka vipi?

Mpima_Chuma
Niliitoa mimi mzee, ilikuwa imeingia ukungu kwa huu unyevu wetu. Nilipoirudisha nilisogeza mistari miwili hadi ikalaliana ikawa kama mmoja, nikaweka sifuri hapo.

Mzee_wa_Maabara
Hapo hapo. Chukua vijiti viwili vya kiberiti. Vilaze kimoja juu ya kingine, sema hiyo ni sifuri. Sasa viweke pande mbili za sarafu, kingo za ndani ziiguse. Kutoka kimoja hadi kingine umepima sarafu pamoja na unene wa kijiti kizima. Wewe kwenye alama unatumia kingo za ndani za mistari, basi hata sifuri iwekwe kingo za ndani zikiwa zimegusana, mwanga wa katikati umepotea tu, mistari haijapandana.

Ukimaliza hakiki kwa kile kioo chenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100. Soma vigawanyo 5, kisha 10. Kabla ya kurekebisha utaona 51 na 101. Baada ya hapo 50 na 100.

Binti_Metali
Kaka, naongezea mawili. Kwanza, usikate gia upya. Kama daftari lako lina maikroni, toa 1 kwenye kila kipimo upige hesabu tena. Pale uliposoma 550 kwa gramu 300, ulikuwa na maikroni 31.8, kweli ni 30.8, yaani 586 HV. Mpaka wa gamba uko ndani zaidi ya ulivyoandika.

Pili, kuruka kwa gramu 100 ni mtetemo. Mzigo mdogo ukitikiswa unachimba alama kubwa kuliko haki yake. Zima kiyoyozi na feni, pima kabla karakana haijawaka, na mashine ikae kwenye meza nzito ya zege isiyogusa ukuta wa karakana. Kwa ugezi wenye cheti, yaani mashine ihakikiwe rasmi, kaanze kuulizia TBS (Shirika la Viwango) pale Ubungo. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 6507-2, kinataka mzigo, ncha na lenzi vihakikiwe kila kimoja peke yake, bloku ije mwisho.

Mpima_Chuma
Mrejesho, wakuu. Nimeweka sifuri upya. Kioo kimesoma 50 na 100. Bloku kwa gramu 300: 699, 702, 697, 700, 699. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu.

Nimepiga hesabu upya za gia 14. Kumi na moja zina gamba la kutosha. Tatu ni jembamba kweli, na zote tatu zilichomwa siku umeme ulipokatika. Kijana alikuwa ameliandika hilo daftarini mwake, hakuna aliyelisoma. Bosi nimempelekea karatasi mpya na ya zamani pamoja. Kijana nimemwomba radhi mbele ya wenzake.

Gramu 100 bado inacheza kati ya 680 na 710. Kesho nafika saa 12 alfajiri, kabla nyundo za karakana hazijaanza, nijaribu kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Nitaleta namba.