Mtahini wa mikanda anasema "INATOSHA" kwenye mwondoko wa pili!!!

Pu_Bu_Kamili (mwanzisha uzi)

Wakuu, mtihani umeisha saa hii hii na hasira bado mbichi. Jina sitaji, mods wasije wakafunga uzi bure. Mnamjua. Ni yule yule mwenye mistari ya dhahabu mingi kwenye mshipi kuliko mistari ya pundamilia.

Ulikuwa mtihani wa kung fu, wa kutoka mkanda wa njano kwenda kijani. Fomu iliyopangwa, yaani mfululizo wa miondoko ya kukariri, ni wu bu quan, ngumi ya mikao mitano. Mtahiniwa wa kwanza katoa salamu, ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto, safi. Kafungua kwa gong bu, mkao wa upinde, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, na ngumi. Kaingia mwondoko wa pili, teke la kufyatua na ngumi kwa pamoja. Mguu haujarudi chini, bwana mkubwa ananyanyua kiganja kama trafiki: "Inatosha."

INATOSHA! Mguu uko hewani!

Na si huyo mmoja, ni wote. Gong bu, teke, "inatosha", pita kule. Gong bu, teke, "inatosha", pita kule. Karani anayegonga mihuri anaitazama barua muda mrefu kuliko huyu alivyomtazama mtu.

Jina la fomu lenyewe linasema mikao mitano. Ukikata kwenye mwondoko wa pili umeona mkao mmoja tu, gong bu, ambao kila mtu anaujua tangu wiki ya kwanza. Na hata huo hakuutazama, maana kisigino cha nyuma kilikuwa kinainuka kila ngumi inapotoka, karibu kwa nusu ya watu, na hakusema neno. Kisigino kikiinuka, ngumi haina ardhi. Hilo ndilo la kwanza kutazama, kabla hata ya goti la mbele.

Halafu teke. Jamani, teke unalipimia wapi? Linapotua! Kwenye wu bu quan mguu uliopiga ndio unaotua na kugeuka robo mzunguko kuingia ma bu, mkao wa mpanda farasi, mkono mmoja unakinga juu ya kichwa, mwingine unapiga pembeni. Mtu asiye na mizani anadondoka badala ya kutua: miguu inakaa karibu karibu, magoti yanaangukia ndani, makalio yanatoka nje. Hapo ndipo unajua teke lilikuwa teke au mguu ulirushwa tu. Yeye kasema "inatosha" KABLA mguu haujatua. Kwa hiyo hata hilo teke alilokatia hakulipima!

Na baada ya hapo ndiyo sehemu yenye nyama. Xie bu, miguu inapishana, goti la nyuma linabana nje ya shavu la mguu wa mbele, unakalia kisigino cha nyuma kilichoinuka. Wengi wanaacha nafasi kati ya miguu, wakipiga ngumi wanayumba kama mlingoti. Kisha pu bu, mguu mmoja umekunjwa mpaka chini, mwingine umenyooka sambamba na sakafu, nyayo zote mbili zimelala, kiganja kinapita juu ya mguu ulionyooka. Pu bu haidanganyiki. Kama nyonga ni ngumu, kisigino cha mguu uliokunjwa kinapaa au ukingo wa nje wa mguu ulionyooka unainuka. Hakuna mtu wa kijani anayestahili kijani ambaye pu bu yake haijatazamwa. Mwisho xu bu, uzito karibu wote nyuma, vidole vya mbele vinagusa tu. Kuipima ni kitu cha sekunde mbili: mwambie ainue mguu wa mbele bila kusogeza kiwiliwili. Akiegemea nyuma kwanza, uzito ulikuwa mbele, hajafaulu.

Fomu nzima, upande huu na ule, haimalizi dakika moja. Dakika moja hana. Lakini hotuba ya kufunga kuhusu nidhamu na uvumilivu aliitoa mpaka wazazi wakaanza kukaa chini sakafuni. Halafu kafunga mishipi ya kijani kwa wote. WOTE. Mpaka yule aliyeanza na mguu mbaya akarudia mara mbili.

Mguu uko hewani jamani. "Inatosha."

---

KisiginoChini

Mkuu, samahani, ule mguu ulishashuka au tuje na ngazi?

---

Jongoo_Mwendo

Nimesoma yote nikitafuta jina. Halihitajiki. Hiyo "inatosha" naijua.

---

Fimbo_ya_Nta

Naomba nitofautiane kidogo. Mtahini mzoefu anamjua mtu kabla hajapiga ngumi ya kwanza. Namna anavyosimama kusubiri, mabega, macho, pumzi. Akifungua gong bu tayari unajua miezi mingapi kafanya mazoezi. Na kawaida fomu inakuja mwishoni, baada ya mikao, ngumi na mateke ya kuvuka ukumbi. Inawezekana mikao yote aliiona kwenye sehemu ya msingi, fomu ikawa ya kuthibitisha tu.

---

Pu_Bu_Kamili

@Fimbo_ya_Nta sehemu ya msingi IPI? Hakukuwa na msingi! Hakukuwa na ma bu ya kushikilia, hakukuwa na kuvuka ukumbi, hakukuwa na matumizi na mwenza. Kulikuwa na salamu, gong bu, teke, "inatosha". Ndiyo mtihani mzima huo. Kama angewaweka kwenye ma bu dakika mbili, mapaja sambamba na sakafu, vidole vinatazama mbele, mgongo wima, ningekaa kimya. Ma bu ya dakika mbili inakuambia mengi. Sekunde ya arobaini hivi watu wanaanza kupanda polepole wakidhani hawaonekani, ndiyo maana mtahini makini anachagua mstari ukutani nyuma ya vichwa vyao na kutazama nani kaupita. Huyu alitazama saa yake.

Na hiyo ya "anamjua mtu kabla ya ngumi ya kwanza" ndiyo kichaka chao hawa. Makosa ya mwanzo wa fomu kila mtu anayafuta, kwa sababu mwanzo ndio unaorudiwa mara nyingi kuliko sehemu yoyote. Mtu akikosea katikati anaanzia wapi? Mwanzo. Kwa hiyo mwanzo wa kila mtu ni mzuri! Makosa yanakaa mwishoni, miguu imechoka, kichwa kinakumbuka kwa shida, na upande wa kushoto ndio kabisa. Ukitazama mwanzo tu unatazama sehemu iliyopigwa msasa.

---

Fimbo_ya_Nta

Hapo kwenye upande wa kushoto umenishika. Nakubali.

---

HakiPointi

Kwa faida ya wasiojua namna jambo hili linavyopimwa kwa uzito wake. Kwenye mashindano ya taolu, yaani ya fomu, ya wushu (kung fu ya kimashindano), fomu ya hiari inahesabiwa kwa pointi 10: ubora wa miondoko 5, mwonekano wa jumla 3, ugumu 2. Kuyumba tu unakatwa 0.1, ukigusa chini kujishikiza 0.2, ukianguka 0.3. Yaani kuna mwamuzi kakaa pale kazi yake ni kuhesabu kuyumba. Kuyumba kwenyewe hutokea kwenye kutua na kwenye kugeuka. Ukikata kabla ya kutua huna cha kuhesabu. Mwanzisha uzi yuko sahihi kwa hesabu, ingawa anapiga kelele sana.

Mtihani wa klabu si mashindano, lakini karatasi ya alama ni lazima hata kama ni ya safu nne tu: mikao, nguvu, mtiririko, kumbukumbu. Bila karatasi, mtu akifeli huwezi kumwambia kafeli wapi, na akifaulu hajui afanyie kazi nini.

---

Pu_Bu_Kamili

Karatasi ilikuwepo mkuu. Ilikuwa imeshajazwa tiki KABLA mtu wa kwanza hajasimama.

---

Teke_la_Jirani

Fomu gani hiyo ya dakika moja, mimi ya kujiunga na klabu nilijaza nusu saa.

---

KisiginoChini

@Teke_la_Jirani inatosha.

---

MdomoGamu

Nyie mnalia na fomu, afadhali yenu. Kuna yule mwingine, naye mnamjua, mtihani wa mkanda wa kahawia hana mpambano kabisa. Kahawia! Anasema kupigana ni kwa watu wa michezo. Sasa mtu anafika kahawia hajawahi kula ngumi ya usoni kupitia glovu. Kwa ngazi hiyo angalau raundi tatu za dakika mbili, na wapinzani wanabadilishwa kila raundi: mmoja mrefu, mmoja mzito, mmoja mwepesi wa miguu. Glovu, kinga ya kichwa, ya meno, ya ugoko, ya kinena. Si lazima ashinde. Unatazama kama mikono inarudi usoni baada ya kupiga, kama anapumua au anabana pumzi, na kama mikao yote ile mizuri ya kwenye fomu inayeyuka akisukumwa. Inayeyuka kweli. Kazi ni kuona inarudi baada ya sekunde ngapi.

---

Jongoo_Mwendo

Na kuna wale wa upande wa pili, wanaopambanisha mkanda mweupe na mweusi ili "kumpima moyo". Hujapima moyo hapo, umemtafutia mtu jeraha. Wa karibu kiuzito, wa karibu kingazi, na mwamuzi anasimama kati yao, hakai mezani anakunywa maji.

---

RangiZangu

Mimi kinachoniua ni rangi zenyewe. Huku kijani iko juu ya bluu, kule bluu iko juu ya kijani, kwingine machungwa ipo, kwingine haipo. Mtu akihama klabu na mkanda wake wa bluu anaambiwa huo kwetu ni wa mtoto.

---

Fimbo_ya_Nta

@RangiZangu kwa sababu mikanda si ya kung fu tangu asili. Zamani ulikuwa mwanafunzi wa sifu, mwalimu wako, unajua fomu hizi, hujui zile, basi. Mkanda mweusi kama alama ya daraja ulianzia judo ya Kano Jigoro, mwishoni mwa miaka ya 1800, na rangi nyingi zilienea Ulaya miaka ya 1930, anayetajwa zaidi ni Kawaishi Mikonosuke aliyefundisha Ufaransa. Klabu za kung fu ziliazima, kila moja ikapanga inavyotaka, nyingi zikaweka mshipi wa kitambaa badala ya mkanda. China yenyewe ina mfumo wa duan wei, ngazi 9: tatu za mwanzo, tatu za kati, tatu za juu. Lakini klabu hazilazimiki kuufuata, na mtu wa bluu ya kwenu hana tafsiri yake kwenye hizo 9.

Mtu akihama, dawa ni moja. Avae mkanda wake miezi michache wakati anajifunza mtaala mpya, halafu atahiniwe. Kumvua siku ya kwanza ni udhalilishaji, kumwacha nao milele bila mtihani nayo ni hujuma kwa wengine.

---

Chi_Sao_Usiku

Ndiyo maana sisi wa Wing Chun, mtindo mwingine wa kung fu, hatuna mikanda. Fomu zetu ni Siu Nim Tao, Chum Kiu, Biu Jee, sanamu la mti, visu na fimbo. Ngazi yako inajulikana mikono ikigusana.

---

MdomoGamu

Matawi mengi ya Wing Chun siku hizi yana gredi na vyeti vyake, tusidanganyane hapa.

---

Chi_Sao_Usiku

Gredi, ndiyo. Mikanda nimesema hatuna. Soma vizuri.

---

Pu_Bu_Kamili

Wakuu turudi kwenye mada. Mwondoko wa PILI. Mguu uko hewani. Nataka mtu mmoja tu aniambie alitegemea kuona nini akikatia pale. Na wale watoto wakienda ngazi inayofuata wakakutana na fomu yenye kuruka na kutua kwenye pu bu, nyonga hazijafunguliwa, kisigino kinapaa, nani atabeba goti likiharibika? Goti lililopinda kwenye kutua vibaya halitibiwi kwa mshipi wa kijani.

---

HakiPointi

Hilo la goti ni la maana kuliko yote uliyoandika. Wanaoruka kuingia pu bu wasikimbilie kimo, kwanza waingie polepole kwa kushuka, mara nyingi, mguu uliokunjwa goti lifuate uelekeo wa vidole. Goti likiangalia kwingine na vidole kwingine, uzito wote unaingia kwenye kano za pembeni.

---

Mpya_Mjini_Hapa

Samahani wakubwa, swali nje ya mada. Huo mshipi wa kitambaa unafunguka kila nikishuka pu bu. Tatizo ni mimi au mshipi?

---

RangiZangu

Ni wa satini huo. Satini inateleza, lazima upitishe fundo mara mbili. Chukua wa pamba.

---

KisiginoChini

Fundo upande gani? Kwetu kushoto.

---

MdomoGamu

Kwetu wanafunzi kulia, walimu kushoto.

---

Jongoo_Mwendo

Sisi ni kinyume chake kabisa.

---

Pu_Bu_Kamili

JAMANI. "INATOSHA" KWENYE MWONDOKO WA PILI.

---

RangiZangu

@Mpya_Mjini_Hapa uzunguke kiuno mara mbili, ncha zishuke mpaka katikati ya paja, zisifike goti maana utazikanyaga ukishuka. Kiuno cha sentimita 80, mita 3 zinatosha. Na usiufue pamoja na sare nyeupe, ule wa kijani unachuja rangi mara tatu za mwanzo.

---

Mpya_Mjini_Hapa

Nishaufua.